Kinachobembea sharti kirudi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tano. Kwenye zoezi la sayansi waliulizwa: jiwe lililofungwa kwenye uzi likisukumwa, linafanya nini? Yeye akaandika, "Jiwe linaning'inia." Akakosa. Mwalimu wake amemwandikia kwa wino mwekundu, "linapembea." Nyumbani bibi yake anasema pembea ni kiti cha kukalia, kitendo chenyewe ni kubembea. Baba yake anasema tunajisumbua bure, jiwe linayumba, basi. Tumebishana jioni nzima, mtoto kalala bila jibu. Nani kati yetu amepatia? Na hicho kijiwe chenye uzi kinaitwaje kwa Kiswahili?
Mama wa mwanafunzi

JIBU: Marahaba mwanangu, na bibi nipe salamu zake.

Mtoto hakukosea neno, amejibu swali lisiloulizwa. Jiwe lililofungwa kwenye uzi linaning'inia hata kabla halijaguswa. Kuning'inia ni hali: kitu kimeshikwa juu, na chini hakina pa kukanyaga. Koti linaning'inia msumarini. Popo ananing'inia darini mchana kutwa, na ametulia tuli. Swali lilitaka kujua jiwe linafanya nini likishasukumwa. Hapo linatakiwa neno la mwendo, na neno hilo ni kubembea.

Au kupembea. Mwalimu wake naye yuko sawa. B na P hutamkiwa mahali pamoja mdomoni, na kwenye neno hili zimepokezana tangu zamani. Kamusi ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1939 inayo yote mawili, na kamusi zetu za baadaye zikayapokea. Vitabu vya shule vimeipendelea bembea, kwa hiyo watoto wengi wanaijua hiyo kwanza. Wazee wengi wa pwani utawasikia na pembea. Na yote mawili hutumika kama kitendo na kama jina la kifaa: mtoto anabembea kwenye bembea, mtoto anapembea kwenye pembea. Mgawanyo wa bibi, kwamba P ni kiti na B ni kitendo, ni wa nyumbani kwake. Asiuache, unapendeza. Ila asimkoseshe nao mtu mwingine.

Mimi neno hili nililipata kwa P. Ukumbini kwa bibi yangu kulikuwa na pembea ya mbao, pana ya kutosha watu watatu, ina mgongo na mikono, imetundikwa kwenye boriti kwa minyororo minne. Sakafu chini yake ilikuwa imelika mahali pawili, pale ambapo nyayo za watu wa nyumba zilikuwa zikisukumia. Mnyororo mmoja ulikuwa ukilia wakati wa kwenda na kunyamaza wakati wa kurudi, hivyo hata ukiwa chumba cha pili ulijua bibi yuko wapi katika safari yake. Sisi wajukuu ndio tuliokuwa tukisukuma. Ukizidisha nguvu, utamsikia: "Nimekwambia unipembeze, sikukwambia unitupe."

Nimeishi na maneno hayo ya bibi miaka mingi ya kuhariri vitabu vya watoto, na mpaka leo sijapata maelezo yanayoyazidi. Kumtupa mtu ni kumpeleka. Kumpembeza ni kumpeleka huku ukijua atarudi, na mkono uko tayari kumpokea. Kitu kikienda kisirudi, hakikubembea. Kikienda na kurudi mara moja tu kwa kushtuka, kimetikisika. Kubembea kunataka kwenda na kurudi, na kurudi kwenyewe kutegemewe.

Sasa tuje kwa baba mtoto na kuyumba kwake. Mlevi anayumba. Gari lililopakiwa kupita kiasi linayumba kwenye kona. Uchumi unayumba. Ndani ya kuyumba mna hofu ya kuanguka, kwa sababu anayeyumba ni mtu au kitu ambacho kilitakiwa kisimame imara. Jiwe kwenye uzi halikutakiwa kusimama, wala halina pa kuangukia mpaka uzi ukatike. Mara nyingi unaweza kuyapambanua maneno haya mawili kwa kutazama kitu kimeshikwa wapi. Mnazi umeshikwa chini, na upepo ukija unayumba. Dafu lililofungwa kwa kamba limeshikwa juu, na upepo ule ule ukija linabembea. Lakini nisikupe kanuni ikakusaliti: kile kiti chenye miguu ya upinde, ambacho wazee hukaa wakajisukuma mbele na nyuma, hakikushikwa juu na bado tunakiita kiti cha kubembea. Nacho kinarudi, na anayekikalia haogopi. Kwa hiyo mahali pa kushikiwa ni dalili nzuri, ila kinachoamua ni kule kurudi.

Maneno mengine ya mtaa huu nayapitia mbio. Tawi lililolemewa linanesa, yaani linashuka na kupanda. Aliyebeba mzigo unaomzidi anawayawaya. Mgonjwa aliyeamka kitandani baada ya siku nyingi anapepesuka akienda mlangoni. Bendera inapepea. Mkono unapungwa. Kila moja lina kazi yake, na ukiliweka moja mahali pa jingine msomaji anaona picha nyingine kabisa.

Naijua gharama ya picha hiyo. Wakati nikiwa mhariri kijana, kitabu kimoja cha watoto wanaoanza kusoma kilikuwa na picha ya msichana kwenye bembea ya kamba, imefungwa kwenye tawi, nywele zimerushwa nyuma. Chini ya picha ilitakiwa iandikwe, "Msichana anabembea." Kilichochapishwa ni, "Msichana anabembeleza." Nakala ya mwisho ilipita mikononi mwangu na mimi ndiye niliyeweka sahihi. Baadaye mwalimu wa darasa la kwanza alituandikia barua fupi. Wanafunzi wake walikuwa wameitazama picha, wakatazama maneno, wakamuuliza: anambembeleza nani?

Watoto wa miaka 6 au 7 walikuwa wameona tulichoshindwa kukiona watu wazima. Kubembea unaweza kuwa peke yako. Kubembeleza sharti kuwe na mtu wa pili. Sikia neno linavyokua: bembea, kwenda na kurudi mwenyewe, bembeza, kumfanya mwingine aende na kurudi, bembeleza, kumwendesha na kumrudisha kwa upole mpaka atulie. Wapo wanaosema kupembeleza, kwa P ile ile ya bibi. Mtazame mtu aliyempakata mtoto anayelia usiku. Hasimami wima. Uzito wake anauhamisha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia, na kichwa cha mtoto kinafuata begani. Hakuna aliyemfundisha. Amejigeuza bembea. Kutoka hapo neno likahamia kwa watu wazima, na likahama na mwendo wake: anayembembeleza mwenzake aliyenuna hasemi mara moja akaondoka. Anasema, ananyamaza, anarudi na neno lile lile kwa sauti ya chini zaidi. Ndiyo maana nikiona mwandishi anaandika "alimbembeleza kwa kumfokea" nakata bila huruma. Aliyefoka hakubembeleza.

Umeuliza jina la kijiwe chenye uzi. Hapa nina msimamo, nitauleza wote.

Utakuta baadhi ya watu wanakiita timazi. Timazi ni ya mwashi: kipande cha chuma kilichofungwa kwenye uzi, anachokishusha ubavuni mwa ukuta ili ajue kama ukuta umesimama wima. Kwa umbo, ni kitu kile kile. Lakini msimamie mwashi karibu umwangalie. Akishusha timazi, mara ya kwanza inabembea, na yeye hafanyi lolote. Anangoja. Wengine huigusa kwa ncha ya kidole ili itulie upesi. Mpaka iwe imetulia kabisa ndipo anafumba jicho moja na kulinganisha uzi na ukingo wa ukuta. Kazi ya timazi huanza pale kubembea kunapokwisha. Kifaa anachosoma mwanao ni kinyume chake: kikitulia, somo limekwisha. Mimi sioni vema kukipa kitu jina la mwenzake ambaye kubembea kwake ni kero.

Kwa hiyo darasani nasema pendulamu, na sioni aibu. Neno limeshazoea vinywa vyetu, na kitenzi chake tunacho wenyewe, kizuri kuliko cha kukopa: pendulamu inabembea. Mbembeo mmoja ni kwenda na kurudi mpaka pale ilipoanzia. Msisitizie mtoto hilo, maana wengi huhesabu kwenda kuwa moja na kurudi kuwa mbili, halafu hesabu yao ya mibembeo inakuwa maradufu.

Mfanye ajionee. Chukueni uzi, mfunge jiwe, na kutoka mahali uzi ulipofungwa hadi katikati ya jiwe pawe na mita 1. Livuteni jiwe kidogo tu, upana wa kiganja, mliachie bila kulisukuma. Hesabuni mibembeo 10. Itachukua takriban sekunde 20. Fungeni jiwe zito zaidi, urefu ule ule: sekunde 20 tena. Sasa fupisheni uzi uwe sentimita 25, na mibembeo 10 itakwisha kwa sekunde 10 hivi. Uzi ukipungua kuwa robo, muda unapungua kuwa nusu. Uzito hauna neno, urefu ndio wenye amri. Mwanasayansi Mwitaliano Galileo aliusoma mwendo huu, na mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens akatengeneza saa inayoongozwa nao. Saa za mitambo za kabla yake zilikuwa zikipotea kama dakika 15 kwa siku. Zile za kubembea zikafika kupotea kama sekunde 15. Haya yote yanategemea jambo lile lile analolitaka neno letu, kwamba kinachokwenda kitarudi, na kwa wakati wake.

Mwaka 1851 mwanafizikia Mfaransa Léon Foucault alitundika tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 katika jengo la Panthéon, Paris. Likienda na kurudi, kidogo kidogo watu wakaona njia yake inageuka kwenye sakafu, na hakuna aliyeigusa. Tufe lilikuwa likirudi kama ada. Dunia chini yake ndiyo iliyokuwa ikizunguka. Mweleze mwanao hilo siku mkimaliza jiwe lenu, atalipenda.

Na kuhusu maksi: kama ningekuwa mimi ninayesahihisha, "linaning'inia" ningeipa nusu.

SWALI: Mwalimu, hujambo na kazi. Mimi ni mwanafunzi wa ukalimani na tafsiri. Wakati wa uchaguzi wa Marekani mwaka 2024 nilisikia taarifa ya habari ikitaja "majimbo yanayobembea," kwa Kiingereza "swing states," yaani majimbo ambayo mara hukichagua chama hiki, mara kile. Mimi nilicheka, mwenzangu akasema ni tafsiri sahihi kabisa. Nini rai yako?
Mwanafunzi wa tafsiri

JIBU: Sijambo, kijana wangu. Usicheke haraka. Chukua Pennsylvania, Michigan na Wisconsin. Mwaka 2012 majimbo hayo yalimpa kura Obama wa chama cha Democratic. Mwaka 2016 yakampa Trump wa chama cha Republican. Mwaka 2020 yakarudi kwa Democratic, kwa Biden. Mwaka 2024 yakarudi kwa Trump. Huko ni kwenda na kurudi, na kurudi tena. Ukilipima neno kwa kipimo nilichompa mama hapo juu, majimbo haya yamebembea. Mwenzako ana hoja.

Hata hivyo mimi nisingeliandika kwenye taarifa ya habari, na sababu yangu ni msikilizaji. Habari inasikika mara moja. Kwa mwenye Kiswahili, neno bembea linakuja na mtoto, kamba na tawi. Linakuja na raha. Sekunde mbili anazotumia kumwondoa mtoto yule kwenye kamba ndizo sekunde ambazo msomaji wa habari ameshataja matokeo. Neno la tafsiri linaweza kuwa sahihi kwenye kamusi na likawa zito sikioni. Na kuna jambo la kisarufi: "yanayobembea" inaonyesha kitendo kinaendelea sasa hivi, ilhali majimbo haya huamua mara moja kila baada ya miaka 4 na kukaa kimya katikati.

Mimi ningesema majimbo ya kinyang'anyiro, au majimbo yasiyo na mwenyewe. Hilo la pili nalipenda zaidi kwa sababu msikilizaji halifasiri, analielewa. Shamba lisilo na mwenyewe kila mtu analitamani.

Tahadhari moja. Watu wengine, wakikimbia "kubembea," huangukia "wapiga kura wanaoyumbayumba." Usifanye hivyo. Kuyumbayumba kwa mtu ni lawama. Ni ndugu wa bendera kufuata upepo. Mpiga kura ambaye anawasikiliza wagombea wote kabla hajachagua hastahili kulaumiwa na kitenzi. Huyo hajaamua. Sema hajaamua.

SWALI: Mwalimu, tunaposema mambo yamekwenda mrama, mrama ni nini hasa? Nimeambiwa nalo ni neno la kubembea.
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ni la jamii hiyo, ila ni la baharini. Mrama ni mwendo wa chombo kinapolala upande huu, kikainuka, kikalala upande ule. Mabaharia husema chombo kinakwenda mrama. Aliyewahi kuwamo analijua kwa tumbo lake: upeo wa macho unapanda juu ya ukingo, unashuka, unapanda tena, na kila kisichofungwa kinatembea sitahani.

Siku hizi wengi wetu tunalijua kwa maana ya pili tu, mipango kuharibika. Maana hiyo imekubalika na siipingi. Linaloniuma ni kwamba tumeisahau ile ya kwanza, na pamoja nayo tumepoteza tofauti yenye manufaa. Chombo kinachokwenda mrama bado kinaelea. Kina nahodha, kina tanga, na shehena inaweza kupangwa upya ili kitulie. Kwa hiyo ukiniambia harusi imekwenda mrama, nitakuuliza nisaidie wapi. Ukiniambia harusi imevunjika, nitakupa pole. Waandishi wa habari hasa nawaomba wazitenge hizi mbili, maana nimesoma zaidi ya mara moja kwamba mazungumzo ya amani "yamekwenda mrama" siku ambayo wajumbe walikuwa wameshafunga mizigo na kupanda ndege.

Na ni mrama, kwa R. Nimeletewa barua tatu mwezi huu zenye "mlama."